Barua ya wazi: Daraja la Mpanga tulione mchana

Kwa wanaosimamia reli ya TAZARA, na kwa wenye dhamana ya uchukuzi, mambo ya kale na utalii nchini Tanzania.

YAH: OMBI LA KUTEMBELEA NA KUPIGA PICHA DARAJA LA RELI LA MTO MPANGA

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Nimeanza hivyo kwa heshima ya baba yangu mdogo, ambaye haamini kuwa barua isiyo na "Yah" inaweza kusomwa ofisini. Maishani mwake ameandika barua rasmi moja tu, ya kuomba kazi, mwaka 1971, akiwa na miaka 19, na kazi akapata. Ilikuwa kazi ya kubeba kokoto na karai za zege upande wa Mlimba, pale Reli ya Uhuru, yaani hii hii TAZARA ya Tanzania na Zambia, ilipokuwa inaiacha tambarare na kuanza kupanda milima. Kwa hiyo kwenye mambo ya barua nimemsikiliza.

Mzee huyu hana picha hata moja ya kazi aliyoifanya. Ana kovu kwenye ugoko. Ana namba za Kichina kuanzia moja hadi kumi, ambazo mpaka leo huzitumia tukinyanyua kitu kizito nyumbani: "Yi, er, san!" na wote tunainua. Na ana daraja la Mpanga kichwani. "Tulianzia chini kabisa, kwenye maji," huwa anasema. "Leo nguzo iko kifuani. Kesho kutwa imekupita. Ukienda kuumwa wiki mbili ukirudi, huioni ncha yake mpaka ushike kofia." Yeye aliumwa kweli, akaondoka mwaka 1973, miaka miwili kabla reli haijakamilika. Hakuwahi kuiona treni ikipita juu ya nguzo alizozibebea zege.

Miaka michache iliyopita nikampandisha treni ya abiria Dar es Salaam ili akaone. Nilidhani nimefanya jambo la maana. Tuliondoka alasiri, tukapita mbuga ya wanyama jua likiwa bado lipo, abiria wote wakaning'inia madirishani kutafuta tembo. Mlimba tukafika usiku wa manane. Kuanzia hapo mzee hakukaa tena. Alisimama dirishani, kiwiko nje, macho kwenye giza. "Hapa tumeingia handakini au ni usiku tu?" akaniuliza. Sikujua. Ilikuwa ni kelele ya magurudumu ndiyo ikituambia: handakini inakurudia usoni, nje inapotea. Kisha ikaja sauti nyingine kabisa, nyembamba, kama behewa limevuliwa viatu, na upepo wa baridi ukapanda kutoka chini badala ya kuja kwa mbele. Mzee akashika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili. "Ndilo hili," akasema. Nikapiga picha. Ninayo mpaka leo: nyeusi yote, na pembeni kiwiko cha mzee.

Tuliporudi wiki iliyofuata, usiku tena. Ratiba ya kwenda na ya kurudi zilikuwa zimekubaliana kulificha daraja.

Wasomaji wengine hawajafika huko, basi niwaeleze kidogo, nyinyi mnajua. Reli ya TAZARA ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Ujenzi ulianza rasmi Oktoba 1970, njia ikakamilika 1975, ikakabidhiwa Julai 1976. Katika urefu wote huo, kipande kilichowatoa jasho wajenzi ni kilomita 158 kati ya Mlimba na Makambako. Hapo peke yake kuna madaraja 46, na mahandaki 18 kati ya 22 ya reli nzima. Sababu ni mlima. Unatoka bonde la Kilombero, joto na mashamba ya mpunga, na unatakiwa ufike Makambako, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwenye baridi na misonobari. Mbuzi angekata moja kwa moja. Treni yenye shehena haiwezi; inataka mwinuko wa polepole, kwa hiyo njia huzunguka tumbo la mlima, hurudi, huzunguka tena, na mlima ukigoma inatobolewa. Mto ukiwa umechimba korongo mbele yako na hakuna pa kuzungukia, ndipo unapandisha nguzo. Pale Mpanga nguzo ni tatu, kila moja mita 50. Zipange ghorofa kumi na tano hivi, halafu juu ya paa upitishe treni ya mizigo.

Kwenye kipande hicho hicho kuna handaki la Irangi Namba 3, la mita zipatazo 800. Mahandaki yana wapenzi wake, lakini kwa mpiga picha handaki ni tundu.

Sasa nije kwenye suala la kamera kukatazwa madarajani. Sitaki mnione kama mtu asiyejua historia. Najua kwa nini madaraja haya yalifichwa. Ian Smith, waziri mkuu wa walowezi, alipojitangazia uhuru wake wa Wazungu kule Rhodesia (Zimbabwe ya leo) Novemba 1965, Zambia ilibaki na shaba yake na njia zote za kusini zikiwa mikononi mwa watu wasioitakia mema. Mataifa ya Magharibi yalisema reli ya kwenda Dar es Salaam haina faida. Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda wa Zambia wakaenda China, wakapata mkopo usio na riba, na kazi ikafanyika. Reli ya namna hiyo ilikuwa lazima iwe na maadui. Oktoba 1979 majeshi ya Rhodesia yalivuka na kulipua daraja la Chambeshi upande wa Zambia. Mtu aliyeonekana miaka ile akizungukazunguka chini ya nguzo za Mpanga na kamera shingoni alistahili kuulizwa, na kuulizwa vizuri. Mimi mwenyewe ningemkamata.

Lakini Rhodesia ilikufa Aprili 1980. Hofu yake ndiyo haijapewa barua ya kustaafu.

Tena hata enzi zile hatukuwa na msimamo mmoja. Ninazo stempu za Afrika Mashariki za mwaka 1976, zilizotolewa kwa ajili ya usafiri wa reli. Ya senti 50 ina treni ya dizeli ya reli ya Tanzania na Zambia. Ya shilingi moja ina daraja la reli la mto Nile, Uganda, lote, na maji yake. Daraja lilibandikwa kwenye bahasha likatumwa duniani kote, na huku chini mwananchi anaambiwa asilielekezee kamera.

Yaliyonikuta mimi ni madogo, nayaeleza kwa sababu ndiyo yanayowakuta wengi. Nilikwenda kwa miguu karibu na daraja moja la reli, ambalo silitaji wala simtaji mtu, kwa kuwa mlinzi niliyemkuta alikuwa mstaarabu kuliko mimi. Nilikuwa mbali na njia, juu ya kichuguu, nimepiga picha kumi na nne. Akaja taratibu, akanisalimu, akauliza kibali. Nikauliza kibali hutolewa na nani. Akafikiri. Akasema, "Wakubwa." Wakubwa wako wapi? Akaonyesha kwa kidevu upande treni inakotokea. Basi tukakaa pamoja tukafuta picha moja baada ya nyingine, yeye akihesabu. Tulipomaliza akatoa simu yake kuangalia saa, na kwenye kioo cha simu, nyuma ya namba za saa, kulikuwa na picha ya daraja lile lile, imepigwa jioni, nzuri kweli. Akaona nimeona. Akasema, "Hii nilipiga nikiwa kazini," tukacheka wote wawili.

Simlaumu hata kidogo. Mtu aliyepewa silaha na neno "hairuhusiwi", bila karatasi inayoeleza nini kinaruhusiwa, atafanya lile la usalama kwake. Barua hii inaomba hiyo karatasi.

Na wapo wanaopiga picha bila tatizo. Kwa miaka mingi treni ya kifahari ya Rovos, ya Afrika Kusini, imekuwa ikiwaleta watalii kutoka Cape Town hadi Dar es Salaam kwa reli hii hii. Behewa lake la mwisho lina roshani ya wazi kwa ajili ya kutazama nje. Mgeni anakaa na glasi yake, anasubiri mahandaki na madaraja ya milima yetu, kwa sababu tangazo la safari lilimwahidi hayo. Namtakia heri, na nchi inahitaji fedha zake. Ila picha bora za kipande cha Mlimba na Makambako nilizowahi kuziona zimepigwa kutoka roshani za namna hiyo, na zote zina kasoro moja: mtu aliye juu ya daraja hawezi kulipiga picha daraja. Anapata bonde, anapata mkia wa treni kwenye kona. Nguzo hazipati. Nguzo zinaonekana kutoka mlimani, na mlimani kuna wananchi.

Ombi lenyewe, basi.

Tunaomba mahali pa kusimama. Upande mmoja wa bonde, nje ya eneo la njia, penye kuonekana nguzo zote tatu, pasafishwe, pawekewe uzio wa kiunoni na kibao. Sisemi hoteli. Sisemi daraja la kioo, maana nimeanza kuona tabia ya kila mlima kuwekewa kioo. Kipande cha ardhi kilicho sawa, mti mmoja uachwe kwa kivuli, na njia ya miguu isiyopita juu ya reli popote. Vijana wa vijiji vya karibu ndio waongoze wageni, kwa sababu wao ndio wanaoujua mlima, na wakati wa masika, barabara zinapokatika, reli hii ndiyo inayowatoa. Wameishi na daraja hili miaka 50. Siyo vibaya daraja nalo liwape kitu.

Nasisitiza hilo la kutopita juu ya reli, na hapa nawasema wapiga picha wenzangu. Kuna ugonjwa umeingia, wa kulala juu ya mataruma, kukaa kwenye ukingo miguu ikining'inia, kusubiri treni ije "ndiyo ipendeze". Kule Sri Lanka, daraja la matao tisa la Demodara, lililokamilika 1921, watu hutembea katikati ya reli kama wako sokoni mpaka treni ipige honi. Sitaki Mpanga iwe hivyo. Treni ya mizigo inayoteremka mlimani haisimami kwa sababu umepunga mkono. Inahitaji mamia ya mita, na dereva akikuona umeshachelewa. Milimani sauti nayo ni mwongo. Upepo ukivuma kinyume, kichwa cha treni kinaweza kutokea kwenye kona kabla hujasikia chochote, na ukiwa katikati ya daraja mita 50 juu ya mawe, mita chache za kukimbia huna. Ninyi mkiweka mahali halali pa kusimama, mlinzi atakuwa na pa kumwelekeza mtu. Leo anacho cha kukataza tu, na aliyekatazwa akija siku nyingine anajipenyeza kwenye vichaka, mahali pabaya zaidi. Kule Uskochi, daraja la Glenfinnan la mwaka 1901, matao 21 ya zege, wageni hupanda kilima cha jirani kwa njia ya miguu na kuitazama treni kutoka huko. Wakorofi hawakosekani, lakini wengi wana pa kwenda.

Tunaomba pia mchana. Picha ya daraja bila treni ni picha ya zege. Treni ndiyo inayompa mtazamaji kipimo. Siombi ratiba ya nchi mbili ipinduliwe kwa ajili ya kamera yangu. Naomba treni moja ya abiria, hata mara moja kwa mwezi, ipangiwe kukipita kipande cha Mlimba na Makambako jua likiwa limechomoza, na itangazwe mapema. Nina hakika itajaa. Watanzania tunapanda treni kwenda kuona. Waulizeni waliowahi kugombania dirisha mbugani.

Kuhusu kibali: kiandikwe, kiwe na bei inayojulikana, kilipiwe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo kama tunavyolipia mambo mengine ya serikali, na kitolewe stesheni. Mkuu wa stesheni ya Mlimba na ya Makambako wawe na daftari. Jina, namba ya kitambulisho, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Kama mnaogopa hujuma, daftari hilo litawasaidia kuliko katazo, kwa kuwa mhujumu haji mchana kuandikisha jina, na akitaka kujua daraja liko wapi analiona kwenye picha za setilaiti akiwa kitandani. Droni ina sheria zake na mamlaka ya usafiri wa anga. Hiyo iacheni huko huko, wengi wetu hatuihitaji.

Mnaosimamia mambo ya kale, nina neno kwenu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Kwa hesabu hiyo daraja la Mpanga ni mtoto mchanga. Lakini sheria hiyo hiyo haikumfunga waziri mikono. Kilicho na thamani ya kihistoria kinaweza kutangazwa. Tuna magofu ya Kilwa na tunayatunza, vizuri. Ila ni vitu vingapi tulivyo navyo vinavyoonyesha Watanzania, Wazambia na Wachina wakijenga kitu ambacho wakubwa wa dunia walisema hakijengeki kwa faida? Zaidi ya Wachina 60 walikufa kwenye kazi hii. Makaburi yao yako Gongo la Mboto na hupelekewa maua. Wenzao wa kwetu waliokufa hawana mahali pamoja pa kupelekewa chochote. Kibao pale Mpanga kingeanza.

Jambo hili lina haraka. Mwaka 2025 nchi zetu mbili ziliingia mkataba na kampuni ya China ya CCECC, wa dola bilioni 1.4 na miaka 30, wa kuifufua na kuiendesha reli hii. Nimefurahi, na mzee amefurahi zaidi ("Wamerudi!" ndiyo maneno yake). Lakini fundi akifika anabadilisha, na lazima abadilishe. Kabla hajaanza, tumeni watu wapige picha kila daraja na kila mdomo wa handaki kati ya Mlimba na Makambako, kwa utaratibu, kutoka pembe zile zile, ili miaka 50 ijayo mtu aweze kulinganisha. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Vyama vya wapiga picha vipo, vyuo vina wanafunzi wa uhandisi na wa habari ambao wangekwenda kwa nauli ya treni na mahali pa kulala. Na picha za wakati wa ujenzi, zile zilizo kwenye makabati ya ofisi, zitolewe zionekane. Kuna vijana waliobeba karai ambao sasa ni wazee wa miaka zaidi ya 70, na wanaweza bado kusema huyu ni nani na yule alitoka wapi. Hawatakuwepo kwa muda mrefu kuulizwa.

Maji ya Mpanga, kwa njia, huingia Kilombero, na Kilombero huingia Rufiji, mpaka yanafika kwenye Bwawa la Julius Nyerere. Bwawa tumelipiga picha kutoka kila upande tangu likiwa shimo, na hakuna aliyeliiba.

Ninachoweza kuahidi ni hiki. Mkifungua mahali pale, nitakuja na kibali mkononi, nitasimama nyuma ya uzio, na nakala za picha zangu nitawaachia bure, mzitumie kwenye kalenda au popote. Nitakuja na mzee. Goti lake la kushoto halipandi mlima siku hizi, kwa hiyo kama njia ya miguu itakuwa na ngazi, tafadhali ziwe fupi. Nguo ya kupigiwa picha ameshaichagua. Ameuliza swali moja tu, niwafikishie: kama treni itapiga honi ikifika katikati ya daraja, kwa sababu angependa kuwa ameinua mkono kabla.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Abiria wa dirishani